Kaseti Tatu za Ushoni

Mimi ni mtu wa kushuku, sijifichi. Nikiamkiwa kwa uchangamfu uliopita kiasi, huanza kujiuliza mtu huyu ataka nini. Mama yangu husema nilizaliwa nikimtazama mkunga kwa jicho la pembeni, na kwamba mkunga mwenyewe alijikagua nguo.

Kazi yangu, bahati nzuri, inataka mtu wa namna hiyo. Napiga video za harusi upande wa wanawake. Kwetu huku kusini mwa pwani, siku ya kumpamba bi harusi wanawake hukaa peke yao, buibui zikavuliwa, nywele zikaachwa wazi, na watu wazima wenye wajukuu wakacheza mpaka viuno vikauma. Kamera lazima ishikwe na mwanamke, na mwanamke huyo lazima aaminike. Nikifika nyumbani kwa watu, kabla sijafungua begi, nazunguka ukumbi nikiangalia madirisha na matundu ya makuti. Simu zote zinabaki kwenye karai mlangoni. Nikimaliza, kadi ya kamera naitia mkononi mwa mama wa bi harusi, na siondoki na kitu. Picha yangu haijawahi kuvuja, na hiyo ndiyo riziki yangu.

Lakini miaka kumi ya kupiga picha safi ilinichosha. Siku hizi kila bi harusi ataka alainishwe uso mpaka pua ipotee. Ndipo siku moja nilipokuwa na kazi kwenye hoteli moja Diani, nikapita ukumbi wa pili na kuona ukutani picha ya televisheni ya zamani iliyovurugika: rangi zimechuruzika, uso wa mtu umekatika vipande vinavyotetemeka, kisha ukajirudia ndani kwa ndani bila mwisho. Nilisimama pale hadi mwenye harusi akaja kunitafuta. Nikamwendea jamaa aliyekuwa akiiongoza ile picha, mtu wa bara, nikamuuliza anafanyaje. Alinitazama juu mpaka chini.

"Hiyo ni analog, siz," akasema. "Tafuta mixer ya zamani na TV ya chogo. Zile mpya hazikubali kuharibika poa." Nilipomuuliza swali la pili alijifanya ana shughuli na waya. Nikajua ananificha, na hilo ndilo lililonitia hamu kabisa.

TV ya chogo ni zile nene za zamani zenye kisogo nyuma, na miksa ni mashine ya kuchanganya picha mbili ziwe moja. Zamani kila mpiga video wa harusi alikuwa nayo. Niliuliza Ukunda, nikaambiwa zote zilishauzwa kwa kilo kwa wanunuzi wa vyuma. Mtu akanielekeza kwa fundi wa televisheni Msambweni, mzee aliyekuwa na duka kando ya barabara kuu tangu mimi sijaenda shule. Nilimkuta amekaa katikati ya televisheni zisizo na wenyewe, ameweka miwani juu ya paji la uso.

"Shikamoo, baba."

"Marahaba, mwanangu. Hujambo? Na nyumbani wote salama?"

"Salama, alhamdulillahi."

Nikamweleza ninachotaka. Alinisikiliza mpaka mwisho, akashusha miwani, akaniuliza kwa sauti ya mtu aliyetukanwa: "Yaani mimi miaka yote hii nahangaika picha za watu zisivurugike, wewe waja hapa kuzivuruga kwa makusudi?"

"Ni sanaa, baba."

"Sanaa," akasema, kama mtu anayelionja neno ajue limechacha au la. Alikuwa akinishuku, nami nilikuwa nikimshuku yeye, kwa hiyo tukaelewana upesi.

Alikuwa nayo miksa. Aliitoa kwenye mfuko wa nailoni, akaiunga na deki mbili za kuchezea kaseti na televisheni ya chogo, akawasha. Ilifanya kazi kila kitufe, hata kile kijiti kidogo cha kusukumia picha huku na huku. Akaongeza na kiboksi cheusi kilichokuwa kikitumika zamani kung'arisha picha, akanionyesha jinsi ya kukifungua. Waya zake zikigusanishwa visivyo, akaniambia, picha hupata wazimu. Akanionya nisitie mkono nyuma ya televisheni hata ikiwa imezimwa siku nzima, maana umeme hubaki mle na unaweza kumtupa mtu. Kisha akasema nichukue vyote, hataki kitu.

Rahisi huvunja upishi, je, cha bure? Nikasogea karibu na mlango, mahali ambapo wapita njia wangeniona vizuri.

"Ataka nini, baba?"

Akacheka kidogo. "Nina shida, mwanangu. Shida yenyewe yataka mwanamke, tena mwanamke mwenye mashine, tena asiye na mdomo. Nimesikia kazi yako. Nimesikia huna mdomo."

Akatoa chini ya meza kaseti tatu zilizofungwa kwa mpira. Kila moja ilikuwa imeandikwa kwa kalamu, kwa mwandiko wa mtu aliyejitahidi: USHONI 1, USHONI 2, USHONI 3.

"Za marehemu mke wangu," akasema. "Kaseti tatu za ushoni, na vifungo vya shati langu nilishona mwenyewe mpaka anakufa."

Alinieleza akitazama barabara. Siku za Alhamisi yeye alikuwa akienda Lunga Lunga kuchukua vipuri vilivyotoka ng'ambo ya mpaka. Nyumba yake ilikuwa na deki wakati majirani hawana, kwa hiyo Alhamisi wanawake walikuwa wakija kwa mkewe, ati wanajifunza kushona. Alhamisi moja gari likaharibika njiani, akarudi mapema. Alipofika mlangoni alisikia sauti ya mwanamume ndani ya nyumba yake, na wanawake wakicheka. Akagonga. Walikawia kufungua. Walipofungua, buibui zilikuwa zimevaliwa ovyo, mlango wa uani uko wazi, na mwanamume hayupo.

"Ukamuuliza?"

"Sikumuuliza."

"Hata baadaye?"

"Hata baadaye. Ningemuuliza nini, mwanangu? Akisema hakuna, sitaamini. Akisema yupo, nitafanya nini? Siku moja nilizishika kaseti hizi. Akanitokea mbio, akaniapisha kwa Msahafu nisizitie kwenye deki maisha yangu yote. Nikaapa. Sasa tumemzika, ni mwaka wa pili, na kiapo bado ni kiapo. Lakini wewe hukuapa."

"Baba, niwie radhi, mimi sitakuonyesha wanawake wa watu."

"Sikukuomba unionyeshe. Nakuomba uniambie jambo moja tu. Mna mwanamume humo ndani, au hamna?" Akazisukuma zile kaseti upande wangu. "Kikulacho ki nguoni mwako. Mimi nimeliwa vya kutosha, nataka nijue."

Nilimwonea huruma, na papo hapo nikakereka, kwa sababu sipendi kupewa siri ya mtu kabla sijaiomba. Lakini miksa nilikuwa nimeshaipenda. Nikachukua vyote.

Nyumbani kwetu Mwabungo tunakaa wawili, mimi na mama. Alinipokea mlangoni, akaitazama ile televisheni ya chogo ikishushwa kwenye tuktuk, akaniuliza kama tumefungua jaa. Kisha akaziona zile kaseti. Akazishika, akasoma, uso wake ukabadilika kidogo sana, kama mtu aliyesikia kuitwa kwa mbali.

"Umezitoa wapi hizi?"

"Kwa fundi wa Msambweni. Za marehemu mkewe."

"Zina ukungu. Zitaharibu mashine yako. Zitupe."

Mama yangu hatupi kitu. Ana mfuko wa mifuko. Ana chupa za dawa za marehemu babangu ambazo hata duka zilikotoka halikumbukwi tena. Nilimtazama mgongo akielekea jikoni, na nikaziweka kaseti kabatini, nikafunga, ufunguo nikautia kifuani.

Wiki ya kwanza sikuzigusa. Nilijifunza mashine kwanza. Niliunga deki kwenye miksa kwa zile waya zenye vichwa vya njano, miksa nikaiunga kwenye chogo, halafu nikaielekeza kamera yangu kuukuu kwenye kioo cha chogo hichohicho na kuirudisha picha yake kwenye miksa. Basi televisheni ikawa inajitazama. Ilianza na ukanda mweupe, ukajipinda, ukajimeza, ukazunguka kama uji unaokorogwa, na kila nilipousogeza mkono mbele ya kamera rangi mpya ikazaliwa. Nilikaa sakafuni nikicheka peke yangu. Siku ya pili nilikifungua kile kiboksi cheusi, nikalowesha kidole kwa mate na kugusa mahali fundi aliponionyesha, na mtangazaji wa habari kwenye kaseti ya zamani akachuruzika mashavu mpaka tai.

Mama alisimama mlangoni na mwiko mkononi. "Umeiharibu?"

"Nimeiharibu kwa makusudi, mama."

"Astaghfirullah," akasema, na akabaki amesimama muda mrefu kuliko ilivyohitajika kusema hivyo. Macho yake hayakuwa kwenye chogo. Yalikuwa kwenye kabati.

Wiki ya pili nikazitoa. Ukungu ulikuwa kweli, unga mweupe kwenye kingo za utepe. Hewa yetu ya chumvi haihurumii kitu. Nilifungua skrubu za kaseti ya kwanza, nikaupangusa utepe kwa pamba na spiriti, nikiuzungusha kwa mkono kidogo kidogo, alasiri mbili nzima. Kisha nikaitia kwenye deki.

Ilikuwa ushoni. Mkono wa mwanamke kwenye cherehani ya kanyagio, upindo wa leso, sauti ya upole ikieleza jinsi ya kuanza kona. Dakika kumi hivi, na zilikuwa dakika kumi za kuchosha kiasi kwamba hakuna mwanamume duniani angezivumilia. Halafu picha ikakatika, na ghafla chumba kimejaa wanawake. Nywele nje, mabega nje, makofi, wengine wamefunga leso viunoni. Niliinuka nikafunga mlango na kuvuta pazia, ni mazoea tu, kisha nikarudi kukaa. Katikati yao, kijana, mwembamba, nywele zimesukwa mpaka mgongoni, akicheka huku ameegemea ukuta, alikuwa mama yangu.

Sikuwahi kumwona mama akicheza. Mama huyu hukataa hata picha ya kitambulisho kupigwa mara ya pili.

Na kabla sijamaliza kushangaa, akaingia mwanamume. Kofia kichwani, shati la mirabaraba, masharubu. Ukungu ulikuwa umemla uso kwa mistari inayopanda na kushuka. Alitembea ameinamisha bega moja, akasimama mbele ya mama yangu na kumnyooshea kidole. Mama akampigia makofi. Nikazima mashine.

Nitasema ukweli wangu: niliogopa, lakini chini ya hofu palikuwa na utamu. Anayeshuku hukaa miaka mingi bila kulipwa, na siku shaka yake ikitimia huona kama amepata haki yake. Niliona aibu kwa utamu ule, na bado nikausikia. Kwa siku tatu nilimtazama mama kwa jicho jipya. Nikiwapitia wazee wa kijiji barazani niliwakagua mabega. Kila mwenye bega lililoshuka nikamtilia alama.

Siku ya nne, baada ya sala ya alasiri, nikashindwa. Nilimwita mama, nikamkalisha kitini, nikawasha.

Zile dakika za cherehani alizitazama tu. Wanawake walipotokea aliziba mdomo kwa mkono. Nikamtazama yeye badala ya kioo. Mwanamume alipoingia nikasema, "Mama, huyu ni nani?"

"Yupi?"

"Mwanamume huyu."

Mama alianza kucheka. Alicheka mpaka akajishika mbavu, mpaka machozi yakamtoka, akawa anapiga paja. "Mwanamume!" akasema. "Ole wangu, mwanamume! Huyo ni mke wa fundi."

Sikucheka. "Mama, usinifiche. Mimi ni mtu mzima."

Kicheko kikamkatika. "Wanishuku mimi? Mimi niliyekuzaa?"

"Nauliza tu."

"Huulizi. Umeshahukumu, wataka niweke sahihi." Akanionyesha deki kwa kidole. "Peleka mbele. Peleka, nakwambia."

Nikapeleka mbele. Yule mwanamume akazunguka mara mbili, akainama kama anayepekua vyuma sakafuni, kisha akaivua kofia, na misuko minne ikamwangukia mabegani. Mwanamke mmoja akaja na upembe wa leso, akamfuta masharubu; yalikuwa wanja. Chumba kizima kilianguka kwa kicheko, na mama yangu wa zamani akaanguka nacho.

Siri ya mtungi aijuaye kata. Mama akanieleza yote, sauti bado imemkauka kwa hasira. Walikuwa wanawake tisa. Mmoja wao alikuwa na kaka Uarabuni aliyeleta kamera. Walijirekodi wakicheza, na ili asije mwanamume yeyote akaitia kaseti kwenye deki, waliweka ushoni mwanzo na kuandika ushoni juu. Mke wa fundi ndiye aliyekuwa mchekeshaji wao. Aliweza kumwigiza kila mtu, lakini aliyependa kumwigiza zaidi ni mumewe. Alhamisi ile fundi aliporudi mapema, walikuwa wakiitazama kaseti hii. Mwenzao alipaparika akaitoa, wengine wakawa wanasaka buibui, na mlango wa uani ulikuwa wazi tangu asubuhi kwa sababu ya joto.

"Mbona hakumwambia mumewe?"

"Amwambie alikuwa akimcheka mbele za watu? Na mumewe mwenyewe hakuuliza. Sote tulidhani hakusikia kitu."

Nilimwomba mama radhi. Alinisamehe kesho yake, si siku ile.

Nilikwenda Msambweni nikiwa mwepesi. Nilikuwa na habari njema, kitu ambacho sijakizoea. Nikamwambia fundi: hamna mwanamume. Ni mkeo, amevaa shati lako, anakuigiza. Alinisikiliza akifunga skrubu ya redio, akaifunga mpaka ikalia.

"Hivyo ndivyo walivyokwambia useme?"

"Nimeona kwa macho yangu, baba."

"Na mimi nilisikia kwa masikio yangu. Ilikuwa sauti ya mwanamume. Nyinyi wanawake mwasitiriana, na si vibaya, marehemu ni wa kusitiriwa. Lakini usinidanganye mimi katika duka langu."

Nilikasirika njia nzima mpaka Mwabungo. Nilikasirika zaidi kwa sababu mimi mwenyewe, ningekuwa yeye, nisingeamini.

Ilibidi aone. Na kuona hakuwezekani, kwa sababu pembeni ya mkewe walikuwako wanawake wanane wasio halali yake, nywele nje, na mmoja wao mama yangu. Kukata ile kaseti kusingesaidia. Katika kila picha walikuwako. Nilikaa mbele ya miksa nikikichezea kile kijiti, na ndipo nikakumbuka kinachofanya. Miksa ile inaweza kutoboa duara ndani ya picha na kuonyesha picha nyingine mle ndani, na kijiti kinalisogeza duara popote. Basi nikaigawa picha ya kaseti njia mbili: njia moja ikapita kwenye kiboksi cheusi ikavurugika mpaka wanawake wakawa michirizi ya rangi isiyo na uso wala nywele, njia ya pili ikaja safi. Chini nikaweka iliyovurugika, ndani ya duara ile safi. Nikiweza kumfuata mke wa fundi kwa duara, mwanzo hadi mwisho, ataonekana yeye peke yake, na deki ya pili itayanasa hayo kwenye kaseti mpya.

Mama alisikiliza, kisha akavaa buibui akaenda kuwaomba ruhusa. Kati ya wale tisa, wanne walikuwa wametangulia mbele ya haki. Waliobaki, pamoja na yeye, watano. Mmoja alimwambia, "Kesho tutajiona kwenye simu za vijana." Mwingine alimfukuza, akamwita tena kabla hajafika njiani. Mwishoni walikubali kwa sharti kwamba mama akae karibu yangu kazi inapofanyika, na nywele ya mtu hata moja ikionekana, mkanda uchomwe.

Nilidhani nitamaliza alasiri moja. Ilichukua siku nane. Mke wa fundi alikuwa hatulii. Nikimfuata kushoto keshafika kulia, na kila nilipokosea duara lilimwangukia mwingine.

"Hapo! Umemfunua mke wa muuza samaki," mama alipiga kelele. "Anza tena."

Nikaanza tena. Umeme ukakatika. Nikaanza tena. Siku ya sita mama aliacha kunilaumu, akavuta kiti karibu na kuanza kunisomea mapema. Alikuwa anaikumbuka ngoma nzima. "Sasa atakuja kwangu. Sasa atazunguka, mzungukie polepole. Atainama, shuka naye. Hapa atasimama, atasubiri tucheke." Alikuwa akisema huku mabega yake yakienda chini ya leso, nami nikisukuma kijiti kwa sauti yake bila hata kufikiri. Siku ya nane tukapita mwanzo hadi mwisho bila kosa. Ndiyo kazi yangu ya kwanza ya sanaa ile. Sijafanya nyingine iliyonipa raha kama hiyo.

Tuliipeleka Msambweni pamoja. Fundi alisalimiana na mama kwa heshima, wakaitana shemeji, mama akakaa karibu na mlango. Mzee aligusa kaseti mpya kwanza kwa kidole kimoja. "Hii si ile niliyoapia?" akauliza. Nikamwambia si ile, hii nimeitengeneza mimi. Akaitia mwenyewe.

Cherehani ikapita. Kisha rangi zikajaa, kijani na zambarau zikitambaa juu ya kioo, na katikati duara safi, na ndani ya duara yule mwanamume akaingia na bega lake.

"Nani ameichezea redio yangu?" akasema kwa sauti nzito. "Nauliza, nani ameichezea redio yangu?"

Fundi alisimama. "Ndiyo hiyo," akasema. "Ndiyo sauti hiyo hiyo." Akanigeukia, uso umemjaa damu. Nikamwonyesha kioo, atazame.

Akatazama. Akaliona shati. Nilimwona akiliona, maana mkono ulimwenda kifuani pake. Mwanamume akazunguka, akainama, akapekua vyuma vyake sakafuni, akasimama kusubiri kicheko, na rangi zote kandokando zikatetemeka kwa kicheko. Kofia ikatoka. Misuko ikaanguka. Mke wake alikuwa akicheka, ana miaka labda thelathini, masharubu yamemchafuka shavuni.

"Mimi natembea hivyo?" fundi akauliza.

"Mpaka leo, shemeji," mama akasema.

Akacheka kidogo puani. Akaniambia nirudishe nyuma. Nikarudisha. Akatazama tena, safari hii amekaa, mikono magotini. Nilifurahi, nilikuwa nimeanza kukusanya waya moyoni, nikiwaza shukrani atakazotoa.

"Tangu Alhamisi ile," akasema, "sikulala tena chumba kimoja naye. Nilimwambia ni mgongo."

Akasogeza kiti karibu na kioo.

"Alipolazwa, karibu na mwisho, aliniuliza mara mbili. Alinishika mkono, akaniuliza, mume wangu, nilikukosea nini?" Alikuwa bado akitazama duara. "Nikamwambia, wajijua mwenyewe."

Mama yangu alijifunika uso kwa upembe wa buibui. Mimi nilibaki nimesimama na mkono kwenye deki, sijui nizime au niache. Na nilitamani, Mungu anisamehe, kwamba kungekuwa kweli na mwanamume mle ndani.